Klabu Waliyoiita Dubwi la Madam

Nyie mnaosoma haya huku kidole kimoja kinaendelea kusukuma picha kwenye simu, nisikilizeni mara moja, mtarudi huko baadaye. Mimi Getruda, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Usevya, nimefundisha fizikia sekondari ya bweni hapa Mpanda mpaka magoti yakaanza kulia kama mlango usiotiwa grisi. Sasa nimestaafu, nafuga bata, na majirani wananiona bibi wa kawaida tu. Hawajui kwamba niliwahi kuwa kocha. Si wa netiboli. Kocha wa michezo ya kompyuta.

Nyie mnaiita isipoti. Mkuu wetu wa shule naye aliiita hivyo hivyo, ila kila alipotaka kulitamka neno hilo mbele ya wageni alinyoosha tai kwanza, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha ya pasipoti.

Mambo yalianza na takataka. Ofisi moja ilibadilisha kompyuta zake, na zile za zamani ikatuletea sisi kama msaada. Siku ya kuzipokea kulikuwa na kwaya, soda na hotuba ndefu. Mkuu alikata utepe, watu wakapiga makofi, kompyuta zikaingizwa stoo, mlango ukafungwa. Hakuna aliyejaribu kuziwasha. Nilipokuja kufungua moja muda mrefu baadaye, nilikuta panya amezaa ndani, amejitandikia waya na karatasi za mitihani, ametulia. Huyo panya ndiye aliyekuwa mtumiaji wa kwanza wa TEHAMA shuleni kwetu, na sina uhakika kama sisi tuliofuata tulizitumia vizuri kumpita.

Chache zilizowaka nilizipeleka darasani. Nikaanza kufundisha kwa heshima zote: hii ni kibodi, hii ni prosesa, prosesa ni ubongo wa kompyuta. Wanafunzi wakalala. Sisemi walisinzia, walilala, mmoja alikoroma. Halafu mvulana mmoja wa Kisukuma, Shija, ambaye likizo alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yake na shuleni alikuwa anachunga muda uishe, akaja na mchezo kwenye flashi, akauweka kwenye mashine bila ruhusa. Nilitoka kufuata chaki. Niliporudi nilikuta darasa lililokuwa limekufa limefufuka, linagombea kiti kimoja kama watu wa msibani wanaogombea nyama.

Mwalimu mwenye akili timamu angechapa. Mimi nilisimama mlangoni nikawaza: kumbe wana nguvu hawa. Nikawaambia, "Sawa. Mtacheza. Lakini kila anayetaka kucheza atafufua kwanza mashine atakayochezea. Hakuna mashine, hakuna mchezo."

Hiyo ndiyo ilikuwa silabasi yangu yote.

Tatizo lilikuwa kwamba mimi nilijua fizikia ya ubaoni, ya mishale na herufi. Kufufua kompyuta aliyozalia panya ni fizikia nyingine. Nikaenda sokoni kwa Fundi Ramadhani, mtengeneza redio na simu. Fundi alikuwa na kibanda kidogo na mdomo mkubwa. Kwa maelezo yake, hakuna kifaa Katavi nzima ambacho hakijawahi kupita mikononi mwake. Nusu ya aliyotufundisha ilikuwa dhahabu, nusu nyingine ilikuwa hatari, na yeye mwenyewe hakujua ipi ni ipi.

Dhahabu ni hii, ishikeni. Kompyuta ikiwaka lakini skrini ikabaki nyeusi, msikimbilie kununua kitu. Chomoeni kile kijibao cha kumbukumbu, futeni meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, kisha rudisheni mpaka kilie "ka". Mashine nyingi mnazoambiwa zimekufa ni uchafu tu wa kwenye meno. Vumbi litoeni kwa pampu ya baiskeli, huku mmeshikilia feni isizunguke. Msilipulize kwa mdomo, mate ni maji na maji ni adui. Na mkiona kwenye bodi vile vipipa vidogo vimevimba kichwani kama andazi, hapo ndipo penye ugonjwa.

Hatari ni hii: Fundi alituambia feni ndani ya kompyuta ni urembo wa Wachina. Tukaitoa moja tupate nafasi. Mashine ikachemka, ikanuka, ikaanza kutoa moshi. Fundi akautazama ule moshi, akatazama saa yake, akasema, "Swala imenikuta, Madam," akaondoka. Nilimheshimu sana kwa hilo. Adhana ilikuwa bado.

Mashine zikaongezeka, na bili ya umeme nayo ikaongezeka, mkuu akaniita ofisini akaacha hata kunyoosha tai. Hapo ndipo tuliposogea kwenye sola. Shule ilikuwa na kisima kilichochimbwa na wafadhili, na paneli zilizokuwa zinaendesha pampu ya kupandisha maji kwenye tanki la mabweni. Tanki likijaa, jua la mchana wote uliobaki lilikuwa linamwagwa bure. Nikaomba hilo jua la kumwagwa. Tukatafuta betri, tukaunganisha waya, na tukakubaliana na mkuu kwa mdomo: maji kwanza, mchezo baadaye. Siku za mawingu pampu ingesaidiwa na umeme wa kawaida.

Wageni walipokuja kututembelea waliita jambo hilo uendelevu na wakalipiga picha. Sisi tulikuwa tunaita ubahili. Tulikuwa wabahili wa kila kitu. Skrini zile za zamani zenye mgongo kama kobe zilikuwa zinakula umeme kama wanakwaya harusini, tukazitoa, tukang'oa shaba na skrubu zake. Wanafunzi ambao kwenye hesabu walikuwa wananiambia wati ni jina la mtu, wakaanza kuzidisha wati kwa saa vichwani mwao, kwa sababu jibu lake lilikuwa muda wa kucheza. Kila asubuhi kulipopambazuka zamu moja ilipanda kufuta paneli kwa kitambaa chenye maji. Asubuhi, sikilizeni, siyo mchana. Kioo kilichopigwa na jua ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, na hapo utaelezea wazazi wako.

Betri moja tuliiua. Kijana wa kidato cha pili aliiona imepungua, akaionea huruma, akaijaza maji ya kisima. Betri inataka maji yake ya dukani yasiyo na chumvi. Ikafa. Wenzake wakataka kuizika nyuma ya choo na kuiimbia. Niliwazuia, kuimba niliwaruhusu. Betri haizikwi, jamani. Ndani yake mna madini ya risasi na tindikali, ukiizika karibu na kisima utakuja kuinywa. Tuliipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu waliokuwa wanazisafirisha viwandani.

Sasa wazazi. Habari zikaenea kwamba kule shuleni kuna chumba watoto wanakaa mbele ya mashine zinazolia na kuwakawaka. Mtu wa hapa ukimwambia hivyo, kitu anachokijua ni kimoja: dubwi. Zile mashine za kamari zilizoko vijiweni, unadumbukiza sarafu, taa zinacheza, sarafu hairudi. Klabu yangu ikaitwa Dubwi la Madam. Sokoni wamama walikuwa wanapunguza sauti nikipita. Paroko alikuja kujionea mwenyewe, akakaa, akacheza na binti wa kidato cha kwanza, akapigwa vibaya, akasema mausi ina kasoro. Akaomba nyingine. Nayo ikawa na kasoro. Jumapili yake hakusema neno baya juu yetu.

Nahodha wetu alikuwa Odeta, msichana wa Katumba. Babu yake alitoka Burundi wakati wa wakimbizi, baba yake, Mzee Benade, alizaliwa njiani au karibu na njiani, na sasa alilima tumbaku na mahindi. Odeta darasani ukimuuliza swali alijibu kwa sauti ambayo lazima uinamie. Lakini mpe hedifoni. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa timu mbili, watu watano kila upande, kila timu inalinda ngome zake tatu na kubomoa za wenzao. Odeta alikuwa anaona uwanja mzima kama anatazama shamba toka juu ya kichuguu.

"Shija, rudi nyuma. Rudi! Unafuata nini huko? Wewe ni mbuzi?"

"Nakuja, nakuja."

"Umeshakufa. Sasa kaa hapo ujifunze."

Tukaanza kushinda shule nyingine kwa intaneti ya simu yangu. Mwisho tukafika mechi moja kubwa, dhidi ya shule tajiri ya mjini huko Kanda ya Ziwa, shule yenye viyoyozi. Atakayeshinda angepata kompyuta mpakato mpya kwa klabu nzima na angekwenda fainali Dar es Salaam. Odeta alikuwa hajawahi kutoka Katavi. Stesheni ya treni aliijua vizuri, maana walikuwa wanapita pale wakienda sokoni, lakini treni alikuwa anaiona ikiondoka tu.

Mechi ilipangwa Jumamosi asubuhi, katikati ya masika. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka unahisi utayagusa kwa ufagio. Umeme wa kawaida ulikuwepo, betri zilikuwa na chaji ya kutosha, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Vijana wakakaa. Mkuu akaja na tai mpya. Na kabla hatujaanza, bodaboda ikasimama nje, akashuka Mzee Benade amevaa mabuti ya shambani, tope mpaka magotini.

"Shikamoo mzee," Odeta alisema, macho tayari yakiwa chini.

"Marahaba. Funga mizigo yako, tunakwenda nyumbani."

Nikamtoa nje kwa upole. Nikamwambia, "Mzee, karibu kwanza. Kuna nini?"

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mdogo wangu Melki alikuwa na baiskeli nzuri, ikaliwa na dubwi. Akawa na mbuzi, wakaliwa. Akauza na bati za jikoni kwake, mvua ikawa inanyeshea sufuria. Nilimfuata pale kijiweni, nikamshika mkono, nikamwambia inuka twende. Ananiambia, subiri kidogo, sasa hivi inarudisha. Hajainuka mpaka leo. Sasa naambiwa binti yangu ndiye kinara wa mashine kama hizo. Ukiwa wewe, utafanya nini?"

Nilikuwa na hotuba nzuri sana kuhusu stadi za teknolojia. Mkuu alikuwa ameniandikia. Nikamtazama yule mzee na yale mabuti, hotuba nikaiacha.

"Nisingekuwa tofauti na wewe," nikasema. "Lakini umeshafika. Kaa uangalie mchezo mmoja. Ukiisha, ukisema twende, mimi mwenyewe nitambebea sanduku."

Akaingia, akakaa nyuma ya binti yake, mikono imekunjwa kifuani. Mechi ikaanza.

Wale wa viyoyozi walikuwa wazuri. Lakini walizoea kucheza na watu wanaoharakisha, na Odeta alikuwa binti wa mkulima wa tumbaku, mtu anayejua kusubiri jani liive. Aliwaacha waje, waje, waje, kisha akawafungia mlango. Ngome yao ya kwanza ikaanguka. Shija akapiga kelele za kuita ng'ombe. Hata mkuu alikuwa amesimama juu ya stuli.

Ndipo umeme ukakatika.

Skrini hazikuzima, betri zilipokea bila hata kupepesa, na nilijivuna kidogo, nakiri. Tukaendelea. Ngome ya pili ikaanguka. Ilikuwa imebaki moja tu pale mlango ulipofunguliwa akaingia Mama Koleta, mpishi wa shule, mwiko mkononi.

"Madam, tanki limekauka. Maharage yanaungua. Na kule bweni la wasichana kuna watoto wanaumwa matumbo tangu alfajiri, vyoo havina tone. Matroni anauliza maji lini."

Mmeelewa hapo? Mawingu juu, paneli hazitoi kitu. Umeme umekatika, pampu haina msaada. Nguvu pekee shule nzima ilikuwa ndani ya betri zetu, na betri zetu zilikuwa zinanyonywa na kompyuta tano.

Mkuu alisema kutoka juu ya stuli, "Wavumilie kidogo tu, Mama Koleta. Tunamalizia."

Nami nilikuwa nafungua mdomo niseme hivyo hivyo. Bila kugeuza kichwa Odeta akauliza, "Shija, betri inasoma ngapi?"

Shija akachungulia mita ukutani. "Imeshuka. Tukiendelea pampu haitawaka. Lakini Odeta, ngome moja! Moja!"

Odeta akaandika kwa wapinzani, haraka haraka, maneno matatu: Samahani, tunahitaji maji. Akavua hedifoni. Akainuka, akaenda kwenye swichi kuu, akaizima.

Giza la mchana likaingia chumbani. Shija akaweka kichwa juu ya kibodi. Mkuu akashuka kwenye stuli polepole kama mtu anayeshuka mti wenye siafu. Odeta akageuza waya upande wa pampu, na baada ya muda tukaisikia kule kisimani ikianza kunguruma, na Mama Koleta akaondoka mbio na mwiko wake.

Mzee Benade alikuwa bado amekaa. "Mlikuwa mnashindwa?" akauliza.

"Hapana, baba. Tulikuwa tunashinda."

"Bado mbali?"

"Karibu sana."

"Na umeinuka."

"Maji, baba," Odeta alisema, akidhani anagombezwa.

Mzee akavua kofia, akaipapasa ukingo wake, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Melki hakuwahi kuinuka," akasema. "Hata akiwa anashindwa hakuinuka. Akiwa anashinda ndiyo kabisa." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hiki siyo dubwi."

Sikumbebea mtu sanduku siku hiyo.

Msifikiri hadithi ikageuka tamu. Tulirekodiwa tumeshindwa, basi. Wapinzani walituandikia kuuliza, "Maji gani?" Dar hatukwenda, kompyuta mpya hatukuziona. Nilimkuta Odeta nyuma ya tanki analia kwa kwikwi, amekaa kwenye tope na sketi ya shule.

"Nilitaka kupanda treni, Madam."

Miaka yote hiyo ya ualimu, ushauri nasaha, semina, chai ya semina, vikanipa jambo moja tu. Nikamwambia anawe uso, maana maji yalikuwepo. Akacheka kidogo katikati ya kulia, makamasi yakatoka, nikampa khanga yangu afute. Sikuidai irudi.

Treni aliipanda baadaye, akienda chuo cha ufundi. Alinipigia simu akiwa njiani kulalamika kwamba inakwenda polepole na kuna mtu amelalia bega lake. Sasa anafunga pampu za sola vijijini kule Sibwesa, na wakulima wanamwinamia kumsikia kama nilivyokuwa nikimwinamia mimi, mpaka mtu akosee kuunganisha waya. Hapo wanaisikia ile sauti nyingine. Shija ana kibanda cha simu sokoni, ubavuni mwa Fundi Ramadhani, anamwibia wateja mchana kweupe, na Fundi anajigamba kwa kila mtu kwamba ndiye aliyemfundisha.

Lakini ile Jumamosi bado haikuwa imeisha. Tulikula maharage, nusu yake yakiwa ya kuungua, Mzee Benade akala na vijana. Mchana mawingu yakapasuka, jua likatoka kali, tanki likajaa, na umeme ukabaki wa kumwagwa kama kawaida. Mzee akasema basi, yeye anakwenda, tope litakauka njiani. Kisha akasimama mlangoni. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, kwamba hivi ile mashine mtu anaishikaje.

Odeta akamkalisha. Akamwonyesha mausi, akamwonyesha ngome, akampanga dhidi ya kitoto kimoja cha kidato cha kwanza. Mzee akapigwa kikatili. Akaomba tena. Akapigwa tena. Akavua koti. Nje bodaboda aliyemleta asubuhi, amerudi kumchukua, akapiga honi.

"Baba," Odeta akasema, "inuka, umechelewa."

"Subiri kidogo. Sasa hivi nimemwelewa huyu."

"Baba, inuka."

"Kidogo tu!"

Tukatazamana mimi na Odeta. Yule bodaboda alipiga honi mpaka akachoka, akazima pikipiki, akaingia ndani na helmeti yake mkononi, akasimama nyuma ya mzee akitazama, kisha akauliza kama kuna kiti kingine.